Kichwa kikimuuma aliyeumia uti wa mgongo, usikimbilie vidonge

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinitumia ujumbe wa simu. Mwanawe wa miaka 17 alianguka kutoka juu ya mwembe msimu uliopita wa maembe, akavunjika shingo. Alikaa hospitali miezi mingi, kisha akarudishwa nyumbani akiwa hawezi kusimama. Mikono ananyanyua, lakini vidole havishiki kitu. Mama aliandika: “Daktari, samahani kwa usumbufu. Kijana wangu kichwa kinamuuma ghafla, kinagonga kama ngoma, uso unalowa jasho. Nimempima malaria mara mbili, hana. Nampa dawa za maumivu, kinatulia kidogo, kesho kinarudi. Jirani anasema ni mawazo. Shemeji yangu anasema tumpeleke kwa mganga. Nimechanganyikiwa.”

Nilimpigia. Swali langu la kwanza halikuhusu kichwa. Nilimuuliza mkojo unatokaje, akasema wanautoa kwa mpira kila baada ya saa nne na ni msafi. Nikauliza choo alipata lini. Akanyamaza, nikasikia anahesabu siku na mtu aliyekuwa pembeni yake.

“Leo siku ya tisa, daktari. Lakini tumbo halimuumi.”

Haliwezi kumuuma. Habari za tumbo la kijana huyu hazifiki kichwani kwa njia tuliyoizoea mimi na wewe. Zinafika kwa kuzunguka, na huko kuzunguka ndiko kulikomletea maumivu ya kichwa yaliyomnyima mama yake usingizi.

Leo naandika kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo: kwa ajali ya bodaboda au basi, kwa kuanguka mtini au kwenye jengo linalojengwa, kwa kupiga mbizi kwenye maji yenye kina kifupi, na wale ambao uti wao uliharibiwa na kifua kikuu cha mgongo au uvimbe. Naandika zaidi kwa wanaowauguza, kwa sababu jambo lenyewe hutokea nyumbani, mara nyingi usiku, na halisubiri asubuhi. Kichwa kikimuuma ghafla mtu aliyeumia uti wa mgongo kuanzia kifuani kwenda juu, ichukulieni kuwa ni dharura hadi mjiridhishe kuwa siyo. Na tiba yake ya kwanza haimo kwenye pakiti ya vidonge.

Nieleze kwa nini. Ndani ya pingili za mgongo hupita kamba laini, unene wake kama kidole kidogo, iliyobeba mishipa ya fahamu inayounganisha ubongo na mwili. Ikikatika au kupondwa shingoni, watu huona miguu na mikono iliyopooza na kudhani hasara imeishia hapo. Lakini kamba hiyo hiyo hupitisha amri ambazo hatujui kabisa kuwa tunazitoa: mishipa ya damu ijibane au ilegee, jasho litoke au likauke, kibofu kishike au kiachie.

Sasa kibofu kikijaa, au choo kikiganda, au kidonda kikichimbika makalioni, sehemu hiyo hupeleka taarifa juu. Taarifa inafika penye jeraha na kukuta daraja limekatika. Chini ya daraja, hata hivyo, bado kuna mishipa ya fahamu iliyo hai, nayo huijibu taarifa hiyo kwa namna inayoijua: hubana mishipa ya damu ya tumbo na miguu, yote kwa pamoja. Damu iliyokuwa imetulia huko inasukumwa juu, na presha inapanda kwa kasi. Ubongo unaiona hatari na kutoa amri mishipa ilegee, lakini amri haivuki. Unabaki na uwezo wa yale yaliyo juu ya jeraha tu, kwa hiyo unatanua mishipa ya uso na shingo, unatoa jasho, unapunguza mapigo ya moyo. Ndiyo maana utamkuta mgonjwa uso wake una joto na umelowa, pua zimeziba kama mwenye mafua, macho yanaona ukungu, amejawa na wasiwasi asioweza kuueleza, huku miguu yake ni ya baridi na vinyweleo vimesimama. Na kichwa kinagonga.

Kitaalamu hali hii huitwa otonomiki disrefleksia. Jina ni gumu, lakini liandikeni mahali, litawafaa mbele ya muuguzi asiyewajua. Humpata zaidi mtu ambaye jeraha lake liko kwenye pingili ya sita ya kifua au juu ya hapo, mara chache hata chini yake kidogo. Kama hamkuambiwa pingili ipi, kuna alama nyepesi: ikiwa ganzi inaanzia usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa kifua, pale juu ya chembe cha moyo, au juu zaidi, basi mgonjwa wenu yumo. Kwa kawaida haianzi siku za kwanza baada ya ajali. Huanza wiki au miezi baadaye, mara nyingi wakati mgonjwa amesharudi nyumbani na hakuna wa kuuliza.

Ugonjwa huu haukugunduliwa jana. Mwaka 1947 Ludwig Guttmann, daktari aliyeanzisha wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika Hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza mwaka 1944, aliandika pamoja na mwenzake David Whitteridge jinsi kibofu kinavyopandisha presha ya watu hawa kinapojaa. Ndiye Guttmann huyo huyo ambaye michezo aliyowaanzishia wagonjwa wake mwaka 1948 ilikuja kuzaa Paralimpiki. Karibu miaka 80 imepita, na mimi kliniki bado ninapokea familia ambazo ziliruhusiwa kutoka hospitali zikiwa na bahasha ya picha za mgongo na orodha ya dawa, bila mtu yeyote kuwaambia neno moja kuhusu hili. Hapo siwalaumu akina mama. Najilaumu mimi na wenzangu.

Basi kichwa kikianza kugonga, fanyeni hivi. Mkalisheni kwanza. Aliyelala ainuliwe aketi wima, miguu ining’inie chini ya kitanda au kiti, mmoja wenu amshike asianguke. Kumkaa tu hivyo kunashusha damu kutoka kichwani. Wengi hufanya kinyume: wanamlaza, wanamfunika shuka, wanazima taa wakidhani anahitaji kupumzika. Kumlaza kunazidisha presha.

Akiwa ameketi, legezeni kila kinachobana: mkanda, suruali, soksi, viatu, bendeji ya tumboni, mkanda unaofunga mfuko wa mkojo pajani. Kisha fuateni mpira wa mkojo kwa vidole tangu unapotoka mwilini hadi kwenye mfuko. Je, umejikunja? Ameukalia? Mfuko umejaa, au umewekwa juu kuliko kibofu? Unyoosheni, umwageni mfuko. Kama hana mpira wa kudumu na huwa mnamtoa mkojo kwa vipindi, mtoeni sasa hivi, msisubiri saa yake ifike. Msimbonyeze wala kumpigapiga tumbo la chini ili mkojo utoke, kwani hilo huongeza kile mnachokikimbia. Mpira wa kudumu ukiwa umenyooka na bado hakuna kinachotoka, umeziba, na unatakiwa ubadilishwe na anayejua. Mwendeeni upesi.

Mkojo ukiwa hauna kosa, fikirieni choo. Na hapa nawaomba tahadhari, maana kuingiza kidole au kusukuma dawa kwenye haja kubwa wakati kichwa kinauma kunaweza kuipandisha presha zaidi. Mtaalamu hupaka kwanza jeli ya ganzi, akasubiri dakika chache, ndipo akaondoa choo taratibu. Asiyefundishwa asijaribu usiku huo. Halafu mkagueni ngozi kuanzia nyayo: kidonda cha kulalia, jipu, kucha ya dole gumba iliyoingia nyamani, kuungua na chai au maji ya moto mapajani, mguu uliovimba kwa kuvunjika bila yeye kujua. Niliwahi kumwona mzee mmoja ambaye sababu ilikuwa mfuniko wa chupa ya soda alioukalia tangu asubuhi.

Kama dakika chache zimepita na kichwa hakijatulia, au hamkuona sababu yoyote, nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Njiani aendelee kuketi wima. Hali hii ikiachwa inaweza kuleta degedege, kuvuja damu machoni, kiharusi na kifo. Sisemi haya kuwatisha. Mara nyingi sababu ikiondolewa presha hurudi chini ndani ya dakika, na mgonjwa anaomba chai.

Sasa niseme kuhusu namba, kwa sababu ndipo hata sisi madaktari tunapoteleza. Mtu aliyeumia shingo kwa kawaida presha yake iko chini. Namba ya juu inaweza kuwa 90 au 100 siku zote na akawa mzima. Akifika kituoni na mashine ikaonyesha 140, anayempima atasema, “Imepanda kidogo tu, mpumzishe.” Kwa wewe na mimi ni kidogo. Kwa yeye ni kupanda kwa 40 au 50 juu ya kawaida yake, na kwa mtu mzima kupanda kwa 20 hadi 40 kunatosha kututia shaka. Kwa watoto na vijana hata 15 inatosha. Kwa hiyo mpimeni presha siku ambazo hajambo, mara kadhaa, akiwa ameketi na akiwa amelala, mwandike. Bila namba hiyo, daktari aliye zamu usiku anasoma mashine bila kujua anailinganisha na nini.

Nilijifunza haya kwa aibu. Nilikuwa daktari wa mafunzo, mwaka wangu wa kwanza wodini. Usiku kama saa nane mgonjwa wa shingo, mwanamume aliyeanguka mnazi, aliniambia, “Dokta, kichwa kinapasuka.” Nilimpima nikapata 158. Nikamwambia ni hofu. Nikamlaza chali, nikashusha na kichwa cha kitanda, nikaagiza sindano ya maumivu. Hali ikazidi, akaanza kusema haoni vizuri. Muuguzi wa zamu, mama aliyekuwa karibu na kustaafu, alikuja bila haraka, akafunua shuka, akatazama pajani. “Mwanangu, umeangalia mpira?” Ulikuwa umejikunja chini ya mguu. Aliunyoosha, akakiinua kitanda, na mkojo ukamiminika karibu lita nzima. Dakika kumi baadaye presha ilikuwa 110. Mgonjwa akalala. Mimi sikulala.

Sindano yangu, mnaona, ingenyamazisha kengele na kuuacha moto ukiwaka. Zipo dawa za kushusha presha kwa haraka, na hospitali huzitumia pale sababu haijapatikana au namba ya juu kwa mtu mzima inabaki 150 au zaidi. Lakini hutolewa mgonjwa akiwa anapimwa kila dakika chache, kwa kuwa sababu ikiondoka presha inaweza kuporomoka ghafla. Msimpe nyumbani kidonge cha presha cha babu. Na mwanamume aliyetumia dawa ya nguvu za kiume siku moja au mbili kabla, amwambie daktari bila haya, kwani baadhi ya dawa hizo za kushusha presha zikikutana nayo zinaweza kumuua.

Nirudi kwa kijana wa mwembe. Kwa nini alikaa siku tisa bila choo? Nilimwomba mama anisomee majina ya dawa zote alizokuwa nazo. Katikati ya majina akasoma tramadoli. Alinunua duka la dawa, ingawa haikupaswa kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu kijana alikuwa analia usiku kuwa miguu inawaka moto. Tramadoli hufunga choo. Utumbo wa mtu aliyeumia uti wa mgongo tayari ni mvivu. Choo kikaganda, presha ikapanda, kichwa kikauma. Mama, kwa mapenzi yote, akaongeza tramadoli kwa ajili ya kichwa.

Kwa hiyo tuzungumzie hiyo miguu, maana huko ndiko mkasa ulikoanzia. Miguu isiyohisi sindano inawezaje kuwaka moto? Familia nyingi huona mgonjwa anaigiza, au amerogwa, au anaanza kupona. Si lolote kati ya hayo. Mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa na ubongo uliokosa habari za kawaida huanza kutoa habari zao wenyewe: moto, shoti ya umeme, kubanwa kama kwa mkanda wa chuma, sindano elfu kwenye nyayo. Maumivu ni ya kweli kabisa, ingawa mguu wenyewe hauna jeraha. Zaidi ya nusu ya watu walioumia uti wa mgongo huishi na maumivu ya muda mrefu ya aina moja au nyingine, na wengi wameniambia kuwa kutotembea wamekuzoea, lakini maumivu hayazoeleki. Jambo la kwanza unaloweza kumfanyia ni kumwamini. Kumwambia “acha kufikiria” kunamfundisha kunyamaza, na mgonjwa anayenyamaza ndiye huyo anayefika hospitali akiwa amechelewa.

Parasetamoli na diklofenaki huyasaidia kidogo sana maumivu haya ya mishipa ya fahamu. Diklofenaki na ndugu zake, zikinywewa kila siku, huchubua tumbo na kuumiza figo, na figo za mtu huyu tayari zina mzigo wa mkojo usiotoka vizuri. Dawa zinazofaa zaidi ni za kundi jingine: amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, gabapentini, pregabalini. Huanzwa kidogo kidogo, hupandishwa taratibu, na hupewa wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa. Wengi huziacha siku ya nne wakisema hazifanyi kazi. Hazimalizi maumivu yote. Zikiyapunguza yakafika nusu na mtu akalala usiku, huo ni ushindi, na ni vizuri daktari aseme hivyo mapema ili asionekane mwongo baadaye.

Zina mitego yake. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na huweza kuzuia mkojo, na sasa unajua hayo yanaishia wapi. Hatukatai kuitumia, ila anayeianza aongeze maji kwa kadiri ya ratiba yake ya mkojo, mboga za majani, mapapai, na ahesabu siku za choo kwenye kalenda. Gabapentini na pregabalini hutegemea figo, kwa hiyo figo zipimwe, na zisikatishwe ghafla hata mkiona amepata nafuu. Vivyo hivyo baklofeni inayotolewa kwa ajili ya kukakamaa: kuikatisha kwa siku moja kwa sababu imeisha na fedha hamna ni hatari. Semeni mapema zikibaki za wiki moja.

Maumivu haya yakibadilika ghafla, mtafuteni sababu chini ya jeraha kama mnavyofanya kwa kichwa. Moto wa miguu uliozidi wiki hii unaweza kuwa mkojo umeingia vijidudu au kidonda kimeanza. Na kama miaka imepita, kisha maumivu mapya yanapanda juu kuelekea mikononi, yanazidi akikohoa, au mkono uliokuwa na nguvu unalegea, huenda maji yanajikusanya ndani ya kamba ya fahamu. Huyo anahitaji kipimo cha MRI na daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, aombewe rufaa.

Kuna na maumivu ya mabega, ambayo hayana fumbo lolote lakini yanawanyima watu uhuru. Bega halikuumbwa kuwa nyonga. Anayesukuma kiti mwendo kwenye mchanga na makorongo ya mitaa yetu, akajinyanyua kitandani mara kumi kwa siku, atalichosha. Asukume kwa mikono mirefu na ya taratibu badala ya kupigapiga gurudumu, upepo wa magurudumu uwe umejaa, kitanda na kiti viwe na kimo kinacholingana, na mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe mazoezi ya misuli ya nyuma ya bega. Gurudumu lisilo na upepo limepeleka mabega mengi kliniki kwangu.

Si kila kichwa kinachouma ni presha hiyo niliyoieleza. Watu hawa pia hupata malaria, na homa ya uti wa mgongo, na kipandauso, kama sisi sote. Homa, shingo kukaza na kuchanganyikiwa ni hospitali mara moja. Aliyeumia shingo anayeamka kila asubuhi na kichwa kizito na anakoroma usiku huenda pumzi inakatika akiwa usingizini; mpigeni video ya simu akiwa amelala, mkamwonyeshe daktari. Misuli ya shingo inayochoka kwa kukaa vibaya huleta kichwa kinachobana taratibu kutoka kisogoni. Na anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa zenyewe. Tofauti ya kukumbuka ni hii: kichwa cha presha huja kwa ghafla, hugonga, na mara nyingi huja na jasho la uso. Ukiwa na shaka, kalisha, fuata mpira, pima.

Kwa wanawake nina neno la pekee. Mwanamke aliyeumia uti wa mgongo anaweza kushika mimba na kuzaa. Lakini huenda asisikie uchungu, na dalili ya kwanza ikawa kichwa kinachogonga kila tumbo linapojikaza. Wahudumu wakiona presha imepanda kwa mjamzito watafikiria kifafa cha mimba, nao wana haki ya kukifikiria. Ndiyo maana ni muhimu sana yeye mwenyewe na mkunga wake waijue hali hii kabla, apangiwe kujifungulia hospitali yenye daktari wa ganzi, kwa sababu ganzi ya mgongoni husaidia kuizuia presha isilipuke. Hata hedhi inaweza kuleta kichwa hicho kwa kiasi kidogo.

Ninachokidai kwa hospitali zetu hakihitaji mashine mpya. Mgonjwa wa uti wa mgongo asiruhusiwe kwenda nyumbani mpaka anayemuuguza ameonyeshwa kwa mikono yake jinsi ya kumkalisha na kuukagua mpira, na ametuonyesha na yeye. Mtu huyo apewe karatasi ngumu iliyokunjwa ya kukaa mfukoni, yenye pingili iliyoumia, presha yake ya kawaida, dawa anazotumia, tarehe ya kubadilishwa mpira, na maneno haya kwa maandishi makubwa: “Nikiumwa kichwa ghafla, nikalishe, angalia mkojo, angalia choo, pima presha kila dakika chache. Usinilaze.” Zahanati haziwezi kujua kila kitu, lakini muuguzi wa zahanati akisoma mistari hiyo miwili anaweza kuokoa maisha. Kama hospitali haikuwapa, iandikeni wenyewe leo. Kipande cha boksi na kalamu vinatosha.

Kijana wa mwembe alifikishwa kituo cha afya usiku ule akiwa ameketi wima kwenye bajaji, kaka yake amemshika. Presha ilikuwa 146. Walimtoa choo polepole kwa jeli ya ganzi, ikashuka hadi 98, wakamwangalia mpaka alfajiri ndipo wakamruhusu. Tramadoli tumeipunguza hadi kuiacha, ameanza amitriptilini, na mama ana kalenda ukutani yenye alama za kalamu nyekundu kwa siku za choo. Juzi aliniandikia tena. Jumapili kichwa kilimgonga kijana wakiwa kanisani, mahubiri yakiwa marefu kuliko kawaida, na saa ya kutoa mkojo ilikuwa imepita. Walimtoa nje, wakamwingiza ofisi ya mzee wa kanisa, wakamtoa mkojo, kikaacha. “Tukarudi ndani,” aliandika, “mchungaji alikuwa bado hajamaliza.”